Skolashipu hazingoji matokeo: mwongozo kwa mwanafunzi wa S5 na S6 Uganda

Mtihani wa UACE, ule wa kumaliza S6 (mwaka wa mwisho wa sekondari), huisha mwanzoni mwa Desemba. UNEB, baraza la mitihani la taifa, hutoa matokeo Februari au Machi. Sasa tazama kalenda ya upande wa pili: vyuo vikubwa vya Marekani hufunga maombi mwanzoni mwa Januari, na skolashipu ya serikali ya Uturuki hufunguliwa Januari 10 na kufungwa Februari 20. Mwanafunzi anayengoja slipu (karatasi ya matokeo) ya S6 ndipo aanze kutafuta huwa ameshachelewa kwa nusu ya nafasi ambazo angeweza kuziomba.

Mimi ni mwalimu wa sekondari huku Busia, na shuleni nimeangukiwa na kazi ya kuwashauri watoto kuhusu vyuo. Mzazi akinijia Aprili na mtoto wake na slipu nzuri mkononi, yenye pointi 18 kwa mfano, huniuliza, "Mwalimu, sasa twende wapi?" Pointi anazo. Tatizo ni karatasi. Kwa hiyo mwongozo huu ni wa aliye S5 leo, au S6 muhula wa kwanza, ambaye bado ana nafasi ya kujipanga.

1. Tenganisha aina za pesa

Mtaani kila kitu kinaitwa skolashipu, na hapo ndipo wengi wanapopotea. Kuna ufadhili wa serikali katika vyuo vya umma, ambao hulipi tena. Kuna mkopo wa serikali, ambao utaurudisha. Kuna misaada ya vyuo vyenyewe, wakfu, falme, makanisa na misikiti, ambayo mingi hulipa sehemu tu ya ada. Halafu kuna skolashipu za nje. Kila moja ina mlango wake na kalenda yake. Chukua daftari, gawa kurasa nne, kila aina ukurasa wake: nani anatoa, inalipa nini, inafungwa lini, inataka karatasi gani. Usiandike kwenye simu. Simu huibiwa, na chaji huisha siku unayoihitaji.

2. Ufadhili wa serikali: piga hesabu mapema

Nafasi za ufadhili wa serikali katika vyuo vya umma ni kama 4,000 kwa mwaka. Wanaofanya UACE siku hizi ni zaidi ya laki moja. Mgawanyo unaojulikana ni huu: 3,000 kwa ushindani wa kitaifa, 896 kwa mgao wa wilaya, 64 kwa wenye ulemavu na 40 kwa wanamichezo. Sehemu kubwa huenda kwa masomo ya sayansi.

Wengi hudhani ushindani unaamuliwa na pointi za UACE zile zinazotajwa redioni, mwisho 20. Sivyo. Kila kozi ina hesabu yake ya uzito. Masomo mawili ya lazima kwa kozi hiyo huzidishwa kwa 3, la tatu linalohusiana nayo huzidishwa kwa 2, na yale madogo kama General Paper na Sub-Math au ICT huzidishwa kwa 1. A ni 6, B ni 5, C ni 4, D ni 3, E ni 2, O ni 1.

Chukua msichana wa PCB (Fizikia, Kemia, Baiolojia) anayeomba udaktari, ambako Kemia na Baiolojia ndiyo masomo ya lazima. Kemia ana A, Baiolojia B, Fizikia C. Hesabu yake: 6 mara 3 ni 18, 5 mara 3 ni 15, 4 mara 2 ni 8. Jumla 41. General Paper na Sub-Math amefaulu yote mawili, anapata 2, anafika 43. Mwenzake ana A, B na C zile zile, ila A yake iko kwenye Fizikia na C iko kwenye Kemia: 12, 15 na 12, jumla 39, na zile 2 anafika 41. Redioni wawili hawa wana pointi sawa. Kwenye orodha ya serikali wametengana kwa 2, na orodha hiyo hukatwa kwa desimali.

Matokeo ya UCE, mtihani wa S4, nayo huongeza vijisehemu: katika mfumo wa zamani distinksheni moja ilileta 0.3, krediti 0.2, pasi 0.1. Waliofanya UCE ya mtaala mpya, ambayo ilianza kutahiniwa 2024, wana herufi A hadi E, kwa hiyo soma tangazo la mwaka wako uone herufi hizo zinahesabiwaje. Wasichana wana nyongeza ya pointi 1.5, utaratibu ulioanzia Makerere mwaka 1990.

Kwa hiyo kabla hujashika kombinesheni S5, au angalau kabla hujajaza fomu, tafuta orodha ya alama za kukatia, yaani alama ya chini iliyopata nafasi katika kila kozi, ya mwaka uliopita. Vyuo huitoa kila mwaka, na shule nyingi zinayo ofisini hata kama hakuna anayeisoma. Ukiona kozi ya ndoto yako imekatwa juu kabisa Makerere, tazama kozi hiyo hiyo Mbarara, Gulu, Busitema, Kyambogo, Muni, Kabale, Lira au Soroti. Nimekuwa na wanafunzi wanaokataa hata kuitaja Busitema, ambayo wanaipita kila siku kwenye barabara ya kwenda Jinja, kwa sababu tu iko karibu na nyumbani. Serikali inayolipa Makerere ndiyo hiyo hiyo inayolipa Busitema, na shahada ni shahada.

Mgao wa wilaya ni nafasi kwa ajili ya watoto wa wilaya husika, na ndiyo nafasi inayolalamikiwa kuliko zote, kwa sababu orodha ikitoka watu hukuta majina wasiyoyajua. Dawa ni kujulikana mapema. Nenda ofisi ya elimu ya wilaya ukiwa bado S6, uliza masharti ya mwaka huo na nani anahakiki wazawa. Ukiwa na ulemavu au unacheza michezo ya ngazi ya taifa, uliza pia kuhusu zile nafasi 64 na 40: wengi hawaziombi kwa kutojua zipo. Vyuo binafsi navyo huchukua wanamichezo. Ndejje na UCU (Uganda Christian University) Mukono zinajulikana kwa hilo, hasa mpira wa kikapu.

3. Faili lako, na jina lako

Hatua hii ndiyo inayoangusha watu wengi, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Chukua binti mmoja, tumwite Nekesa. Kadi ya ubatizo inasema Nekesa Maria. UCE inasema Nekesa Mary, kwa sababu mwalimu aliyemsajili aliona ni jina lile lile. Walipokwenda NIRA, mamlaka ya usajili na vitambulisho, kuchukua namba ya utambulisho (NIN), baba akaongeza lake: Nekesa Mary Wafula. Pale nyumbani huyu ni mtoto mmoja. Kwa karani wa Kampala au Ankara anayepekua mafaili elfu, ni watu watatu, na faili la watu watatu huwekwa pembeni.

Kwa hiyo weka karatasi zako zote mezani leo: cheti cha kuzaliwa, slipu ya UCE, kitambulisho cha taifa au namba ya NIN, ripoti za shule. Soma jina herufi kwa herufi, na tarehe ya kuzaliwa pia. Tofauti ikiwa ndogo, hati ya kiapo mbele ya kamishna wa viapo mara nyingi inatosha. Ikiwa kubwa, utahitaji kubadilisha jina rasmi, jambo linalopitia kwa wakili na kutangazwa katika Gazeti la Serikali, na hilo si la wiki moja. Na UNEB wakileta orodha ya usajili wa S6 na kubandikwa ubaoni, usiangalie tu kama umo. Soma jina lako kama unavyosoma hesabu za pesa. Kosa likirekebishwa siku hiyo halina gharama; likirekebishwa baada ya cheti kutoka ni safari, barua na ada.

Vitu vya kuwa navyo kwenye faili kabla ya likizo ya mwisho wa S5:

- slipu ya UCE na nakala zake kadhaa zilizothibitishwa kwa muhuri
- ripoti zote za S5, zenye sahihi na muhuri wa shule
- cheti cha kuzaliwa cha NIRA, si kile kijikaratasi cha hospitali
- picha za pasipoti zenye mandhari meupe
- barua ya LC1, yaani mwenyekiti wa kijiji
- vyeti vya vifo vya wazazi waliofariki, kama ni hivyo, au barua ya daktari kama mzazi ni mgonjwa wa muda mrefu
- kila kitu hicho kwa PDF, kimepigwa skana vizuri, kimehifadhiwa kwenye barua pepe yako mwenyewe

Barua ya LC1 ina namna yake. Ukienda ukasema tu unataka barua, utapewa mistari miwili inayosema wewe ni mkazi na una tabia njema. Haitoshi. Salimia kwanza, kisha sema hivi: "Shikamoo mzee mwenyekiti. Naomba barua ya skolashipu. Naomba uandike majina ya wazazi wangu, kijiji na parishi, miaka tuliyokaa hapa, mzazi anafanya kazi gani, na tuko watoto wangapi shuleni." Wenyeviti wengi huomba ada ya muhuri, ulizia kiasi kabla ya kwenda. Namba ya simu ya mwenyekiti iwepo kwenye barua, maana kuna wafadhili wanaopiga.

Barua pepe fungua yako, kwa jina lako kamili. Usitumie ya binamu, wala ya kijana wa kafe ya intaneti. Nenosiri liandike kwenye daftari lile la kurasa nne.

Aliyesoma nje ya Uganda, iwe Kenya, Tanzania au Kongo, apeleke matokeo yake UNEB yakalinganishwe na ya hapa. Bila karatasi ya ulinganisho, chuo hakiwezi kukupima. Vyeti vya Kifaransa vitahitaji tafsiri rasmi kwanza.

4. Wapi pa kutafuta

Mastercard Foundation wana programu Makerere tangu 2013 kwa vijana wenye vipaji na hali ngumu, na awamu ya sasa inawatazama zaidi wasichana, wakimbizi na wenye ulemavu. Wanalipa karibu kila kitu, kwa hiyo wanachunguza karibu kila kitu, hata kufika nyumbani. Madhvani Foundation husaidia wanafunzi wa vyuo vya Uganda, na mara nyingi ni vizuri kuikumbuka hata ukiwa umeshaanza chuo. Ufalme wa Buganda una Kabaka Education Fund. Chuo Kikuu cha Kiislamu Mbale, kilichofunguliwa 1988, kina misaada yake. Kanisa lako uliza dayosisi, si paroko tu.

Kwa nje, Wizara ya Elimu na Michezo na HESFB, bodi ya serikali ya mikopo ya wanafunzi, hutangaza nafasi za serikali rafiki kama Algeria na China. Tangazo huja ghafla na muda wake ni mfupi, ndiyo maana nimesema faili liwe tayari. Algeria mara nyingi ni Kifaransa, China ni Kichina kwa kozi nyingi za shahada ya kwanza, kwa hiyo kuna mwaka wa lugha kabla ya masomo. China wanataka uwe chini ya miaka 25.

Uturuki, yaani Türkiye Bursları, ndiyo ninayoipendekeza kwa mwanafunzi wa kawaida mwenye alama nzuri. Unaomba mwenyewe mtandaoni, bila kupita kwa mtu, bila kulipa. Umri uwe chini ya 21, alama zisipungue asilimia 70, au 90 kwa udaktari, meno na famasia. Wanalipa ada, malazi, posho, bima ya afya na tiketi ya ndege, pamoja na mwaka wa Kituruki. Wanaruhusu walio mwaka wa mwisho kuomba, kwa hiyo slipu ya UCE na ripoti za shule ndizo zitakazokuombea. India kupitia ICCR, baraza la serikali yake la uhusiano wa kitamaduni, hufundisha kwa Kiingereza, ila haifadhili udaktari, msipoteze muda huko.

Marekani ni habari nyingine. Harvard, Yale, Princeton na MIT hupokea mwanafunzi wa nje bila kuangalia uwezo wa mzazi, na wakikukubali hulipia pengo lote ambalo familia haiwezi kulifikia. Lakini wanataka insha kadhaa, fomu ndefu za mapato ya familia na mara nyingi SAT, mtihani wa kuombea vyuo vya Marekani, yote hayo katika muhula wa tatu wa S6. Kwa maoni yangu, jaribu kama wewe ni wa kwanza shuleni na una intaneti ya uhakika. Vinginevyo kazi hiyo itakula UACE yako.

5. Insha na barua ya mwalimu

Insha nyingi ninazoletewa zinaanza hivi: "Ninatoka familia maskini na ndoto yangu ni kusaidia jamii yangu." Msomaji ameshaisoma sentensi hiyo mara mia asubuhi hiyo. Umaskini wako uthibitishwe na barua ya LC1. Insha iwe ya kuonyesha kichwa chako kinavyofanya kazi.

Mwanafunzi mmoja alikuwa anauza mahindi ya kuchoma na mama yake karibu na stendi. Tulipoketi, nikamwuliza maswali mpaka akaandika hivi: "Mama alikuwa anachoma mahindi yote asubuhi, jioni tunatupa. Niliandika kwenye daftari mauzo ya kila saa, nikaona malori yanajaa mpakani baada ya saa kumi. Tukaanza kuchoma kwa awamu mbili. Makaa yakapungua, na mahindi ya kutupa yakawa hayajazi hata beseni." Aliomba kusoma takwimu. Hakuandika popote kwamba anapenda takwimu, na hakuhitaji.

Andika rasimu ya kwanza kwa lugha unayofikiria nayo, hata kama ni Kiswahili au Kisamia, kisha iandike upya kwa Kiingereza. Usinakili ya mwenzako. Walioko huko husoma mamia kwa wakati mmoja na zinazofanana huonekana. Mwisho, somea mtu kwa sauti. Ukikwama kusoma, sentensi hiyo ivunje.

Barua ya mwalimu iombe wiki tatu kabla, na umpelekee nusu ukurasa: kozi unayoomba, nani anatoa pesa, siku ya mwisho, na mambo mawili ambayo mwalimu huyo aliyaona kwa macho yake darasani. Mwalimu wa somo anayekujua ni bora kuliko mwalimu mkuu anayekusikia tu, isipokuwa fomu imedai mwalimu mkuu. Shule zikifungwa Desemba muhuri unafungiwa ofisini, na mwenye ufunguo anakwenda kijijini kwao kwa Krismasi. Barua zako zote ziwe zimegongwa muhuri kabla hujatoka getini.

6. Mkopo wa HESFB

Bodi hii ilianzishwa kwa sheria ya 2014. Ukishapata nafasi chuoni lakini hukupata ufadhili, ndipo unaomba mkopo. Mkopo hulipia ada ya masomo, ada za uendeshaji wa chuo (functional fees) na za utafiti, na vifaa kwa wenye ulemavu. Haulipii chumba wala chakula, na hilo wazazi hawaambiwi mapema. Kozi zinazolipiwa zaidi ni za sayansi na teknolojia, shahada na diploma. Utahitaji mdhamini, na bodi hupima hali ya familia yako. Marejesho huanza mwaka mmoja baada ya kumaliza. Baadhi ya wazazi huogopa neno mkopo. Mimi naona ni bora kuliko kuuza kipande cha shamba, mradi kozi iwe inayoajiri.

7. Kwa walioko kambini

Wakimbizi wa Nakivale, Kyangwali, Kyaka II, Rwamwanja na kwingineko wana DAFI, mpango wa UNHCR (shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi) ulioanza 1992 kwa shahada ya kwanza. Hapa Uganda unaendeshwa na Windle International. Barua ya OPM (Ofisi ya Waziri Mkuu) au kadi ya familia ya mkimbizi huchukua nafasi ya NIN, na ulinganisho wa cheti cha Kongo uanze nao kwanza, maana ndio unaochelewesha kuliko karatasi zote.

8. Matapeli

Ada halali ya maombi ya chuo hulipwa benki au kwa namba rasmi ya malipo, na risiti inatoka kwa jina la chuo. Mtu akikuambia utume kwa simu yake binafsi ili "asukume faili", huyo ni mwizi, hata kama ana kitambulisho shingoni. Usimpe mtu slipu yako halisi wala kitambulisho chako kuvishikilia. Ukitumiwa kiungo cha WhatsApp kinachodai nafasi za Kanada zinafungwa usiku huu, tafuta tangazo hilo kwenye tovuti ya mfadhili mwenyewe. Kama halipo, achana nalo.

9. Ukishatuma

Hifadhi namba ya maombi na picha ya ukurasa wa mwisho. Fungua barua pepe kila baada ya siku mbili, pamoja na lile sanduku la takataka, maana mialiko ya usaili hupenda kuangukia huko. Laini ya simu uliyoandika isizimwe wala kupewa mtu mwingine. Pasipoti anza kuitafuta ukishaitwa usaili wa nje, si kabla, kwa kuwa ya kawaida ni shilingi 250,000 na pesa hiyo ina kazi nyingine nyumbani.

Barua ya kukubaliwa ikija, isome na mzazi hadi mstari wa mwisho kabla ya sherehe. Angalia inalipa miaka mingapi, nani analipa tiketi ya kurudi, unatakiwa kushika alama gani kila mwaka ili isikatwe, na siku ya mwisho ya kujibu ndiyo. Ukipata mbili, jibu zote mbili kwa maandishi, moja ndiyo na nyingine hapana, wiki hiyo hiyo, kwa sababu ile unayoiacha ina mtu kwenye orodha ya kungoja.